Mdogo wangu, usivitupe vile vidonge

Mdogo wangu,

Leo ni siku yako ya 10 na unasema dawa imekuletea kichefuchefu na kichwa kuuma tu. Fluoxetine, hiyo dawa yako ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ndivyo ilivyo: maudhi hutangulia, nafuu hufuata, mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 4, kwa wengine hadi ya 6. Meza miligramu 20 asubuhi baada ya chai. Ukimeza jioni inaweza kukukosesha usingizi. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili.

Lishike hili kuliko mengine yote. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujatulia, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua huweza kuongezeka majuma ya mwanzo. Shangazi akutunzie dawa, akupe za wiki moja moja. Mawazo hayo yakija, usingoje siku ya kliniki: mwamshe, mwende hospitali usiku huohuo.

Je, umewahi kukaa siku kadhaa karibu bila kulala na usichoke, ukiongea mfululizo na kutapanya pesa? Kama ndiyo, mwambie daktari mapema, maana huenda si sonona peke yake, na dawa hii ikitumika bila nyingine yaweza kuizidisha hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi. Mtajie pia kila unachomeza, hasa tramadol, ile dawa ya maumivu, maana haipatani vizuri na fluoxetine. Omba upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo. Hitilafu zake huleta uchovu kama huo wako.

Wanaosema una imani haba, wasikuumize. Sali, na kidonge umeze.

Kwa mshauri usiache kwenda, maana mazungumzo nayo hutibu. Huko Rakai na Masaka, Uganda, vikundi vya wanakijiji waliokutana kuzungumza kila wiki kwa wiki 16 vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Utafiti ulichapishwa 2003. Sonona hunenepa mtu akijifungia: hutoki kwa kuwa huna hamu, na hamu inazidi kufa kwa kuwa hutoki. Basi chagua kitu kimoja kidogo chenye saa yake, kama kumwagilia mchicha saa 11 jioni, dakika 10, utake usitake.

Ukipona, endelea na dawa miezi 9 hadi 12, kisha daktari aipunguze polepole kwa wiki 4 au zaidi.

Ile karatasi ya maswali 9 ya kupima ukali wa sonona ijaze tena wiki ya 4 na ya 6, uandike tarehe na jumla. Alama zisiposhuka, nenda nayo kliniki: dozi huongezwa, au dawa hubadilishwa.

Kaka yako