Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa CCM wa Mkoa: Daftari la Wanachama Lifunguliwe

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu kutoka mashinani, ngazi ya chini kabisa ya Chama. Tumekuandikia hadharani kwa kuwa barua tatu tulizopitisha tawi, kata na wilaya, kama taratibu zinavyotaka, hazijajibiwa hata kwa mstari mmoja. Jumamosi iliyopita orodha ya wanachama watakaopiga kura kwenye uchaguzi wa tawi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi. Wamo watu waliohama zamani, na yumo mmoja tuliyemzika wenyewe. Hongera kwa kuongeza wanachama.

Utasema hilo ni suala la tawi. Lakini wewe umepanda ngazi zote, shina, tawi, kata, wilaya hadi mkoa, na unajua kuliko sisi kwamba kiti cha mkoa hutengenezwa tawini. Wanachama wa tawi huzaa wajumbe wa kata, wa kata huzaa wa wilaya, hadi ukumbi wa Mkutano Mkuu wa Mkoa. Wajumbe wakiwa 600 na wagombea wawili, anayetaka kushinda anatafuta 301 tu. Ulipotangazwa mshindi Novemba 2022, nderemo zilikuwa za ukumbini, ila hesabu ilishapigwa miezi mingi nyuma, kwenye meza yenye daftari la wanachama.

Na hesabu yenyewe ni rahisi. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka. Watu 100 ni shilingi 120,000, pesa ambayo siku hizi hainunui mbuzi wa maana. Mtu mmoja analipa, stakabadhi zinakatwa kwa majina mia, kadi zinalala kwenye droo yake. Siku ya uchaguzi zinagawiwa kwa vijana walioletwa na bodaboda. Msimamizi akiangalia, kadi ipo na jina limo, atabisha nini? Huku mama aliyelipa ada yake mwenyewe kwa mkono wake anaambiwa si mwanachama hai, kwa sababu aliyepokea pesa "alisahau" kuiingiza. Tuliambiwa usajili wa kielektroniki utamaliza mchezo huu. Mashine nayo hupokea jina inalopewa.

Ndiyo maana wanaopiga kelele kuhusu bahasha za hongo za usiku wa kuamkia kura wanatuchekesha kidogo. Bahasha ni ghali, na haina uhakika: mjumbe anakula kwa huyu, anakula kwa yule, kisha anampa kura wa tatu. Tangu kura za maoni za 2020 za kupata wagombea ubunge wa Chama, nchi nzima inaimba kwamba wajumbe si watu wazuri. Daftari halina tabia hiyo. Ukishalipanga, safu ya wapiga kura wako imepangwa. Bahasha ni ya mgombea aliyechelewa.

Mwaka 2017 Chama kilipoamua mtu mmoja cheo kimoja, ulivua kofia ya pili mbele ya kamera, tukapiga makofi. Ikaja kuonekana kichwani kwa mtu wa nyumbani kwako. Tulinyamaza. Tulinyamaza pia uliposema, ukiomba kura, kwamba kila mwaka utarudi kwenye kata zote na hesabu mkononi. Tunahisi ulimaanisha mwaka wa uchaguzi.

Sasa ubaya uko hapa: anayeonewa tawini akikata rufaa, rufaa inapanda hadi Kamati ya Siasa ya Mkoa, na mwenyekiti wa kikao ni wewe, uliyeingia kwa safu hiyo hiyo inayolalamikiwa. Watia nia wa ubunge nao wanajua mapendekezo ya kamati hiyo ndiyo yanayotangulia Kamati Kuu, ndiyo maana sebule yako haikosi wageni. Huenda hukupanga iwe hivyo. Labda umezoea tu.

Sisi ofisi ya tawi inavuja, mabalozi, yaani viongozi wa mashina, wananunua kalamu kwa pesa zao, na kila kiongozi mkubwa akija tunatakiwa kujaza uwanja tangu saa mbili asubuhi. Hatuombi bati. Hatuombi posho wala fulana. Hata uchunguzi wa uchaguzi wa 2022 hatuuombi tena.

Tunaomba daftari lifunguliwe. Lisomwe tawini jina kwa jina, mabalozi wa mashina wakiwepo, maana balozi anajua nani analala nyumba ipi. Kila jina lilinganishwe na stakabadhi. Marehemu na waliohama wakatwe kwa wino mwekundu, balozi asaini pembeni. Orodha safi ibandikwe siku 14 kabla ya kura, ili mwenye pingamizi alete. Kwa tawi moja hiyo ni kazi ya siku moja, na chai tutachemsha wenyewe.

Wewe na sisi tuliapa kwa maneno yale yale: cheo ni dhamana, nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Hatudhani umeyasahau, maana uliyasoma juzi kwa sauti nzuri sana.

Daftari letu lilichukuliwa "kuhakikiwa" na mpaka leo liko kabatini, ofisi ya wilaya. Ufunguo anao katibu, na simu yako huwa anaipokea.

Wanachama wa mashina
(ada tumelipa, stakabadhi tunazo)