Nyumba ya mkopo, faida inaliwa na riba

Mhariri, salamu kwako na timu nzima. Mimi ni fundi vigae na jipsamu hapa Dar, kazi zangu nyingi ziko Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi, na siku hizi naitwa sana na watu walionunua nyumba iliyochoka kwa mkopo wa benki wanataka tuipige finishing fasta wauze wale faida. Watu wanaumia jamani, kwa hela ya mkopo hii biashara hailipi kama madalali wanavyowaambia.

Tupige hesabu. Chukulia umenunua milioni 80, humo 60 ni za benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ukarabati umekula 20, umeuza 125. Unaona una milioni 25 mkononi. Ila nyumba imekaa miezi 14 bila mteja, riba peke yake imeondoka na milioni 10 na kitu, dalali akitaka asilimia 5 ni milioni 6 na kitu, kodi ya TRA asilimia 10 ya faida ni milioni 2 na nusu, bado ushuru wa stempu, bima, ada ya mkopo na mwanasheria. Unabaki na kama milioni 4, haifiki laki 3 kwa mwezi!

Na hapo kodi inakuwa hiyo kama una risiti za ukarabati. Wengi wananunua saruji na rangi bila risiti ya EFD, ile ya mashine inayotambuliwa na TRA, na sisi mafundi tunalipwa mkononi, siku ya makadirio ya kodi ile milioni 20 ya ukarabati unaithibitishaje? Kodi inapigwa kwenye milioni 45 badala ya 25.

Kinachoua zaidi ni muda. Marejesho yanaanza mwezi unaofuata nyumba haina hata milango. Kuna moja niliweka vigae sebuleni, jikoni mpaka barazani, wateja wanakuja wanasifia, mmoja anasubiri mafao, mwingine anataka alipe kwa awamu, mwenye keshi anataka apunguziwe milioni 15, na mwenye nyumba ni mtumishi anakatwa kwenye mshahara kila mwezi, ada za watoto zinamsubiri. Akapunguza, angefanyaje.

Mwenye hela yake namwelewa, anaweza kusubiri bei. Wa mkopo hana huo ubavu.

Naomba benki zimuonyeshe mkopaji atadaiwa kiasi gani nyumba ikikaa mwaka mzima haijauzwa, kabla hajasaini. Na nyie mhariri mtuandikie bei ambazo nyumba zinauzwa kweli, siyo zile za kwenye matangazo ya madalali.

Fundi vigae,
Tabata, Dar es Salaam