Barua kwa Baba: kiasi cha bima ya gari la Idris

Sacramento, California

Baba mpenzi, shikamoo. Na Mama pia, shikamoo. Natumai barua hii itawakuta salama hapo South C, Nairobi, kama nami nilivyo salama huku, alhamdulillahi. Ndugu yangu Idris amenieleza kwamba gari lake, ile Probox, limeshatoka bandarini Mombasa, na kwamba logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, itaandikwa jina lako kwa kuwa mkopo wa sacco ni wako. Nimefurahi sana, Baba. Lakini aliponiambia atakata thadi pati yoyote ya bei ya chini, yaani ile bima inayowalipa watu wengine tu ambao gari limewadhuru, mradi askari wasimsumbue njiani, nilikosa raha. Nikaona nikuandikie wewe, maana jambo hili linakuhusu wewe kuliko yeye.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamhesabu aliyeandikishwa kwenye logibuku kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Idris akimgonga mtu pale Mombasa Road, Mungu apishe mbali, akiwa katika shughuli zako, wakili wa majeruhi atawashtaki nyote wawili. Na siku ya kudai malipo hatahangaika na Idris, kijana ambaye hana mali yoyote. Atakifuata kiwanja cha Kitengela na zile nyumba mbili za kupangisha kule Umoja. Kwa hivyo kiasi cha bima tukipime kwa mali yako ambayo dalali wa mahakama anaweza kuifikia, na kwa ukubwa wa madhara ambayo gari linaweza kumfanyia binadamu. Bei ya Probox haiingii kabisa kwenye hesabu hiyo.

Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, ndiyo inayolazimisha kila gari liwe na bima hiyo ya watu wengine. Inalazimisha fidia ya kifo na majeraha, tena kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kwa mguu uliovunjika, milioni 3 zinaweza kutosha na kubaki. Lakini mtu akiumia uti wa mgongo, akapooza, akahitaji wa kumtunza maisha yake yote, mahakama zetu zimewahi kuamua fidia inayopita hapo mbali sana. Tuseme jaji ameamua milioni 9: kampuni ikitoa zake 3, hizo 6 zilizobaki ni zako, Baba. Mwendesha bodaboda wa miaka 22, mwenye watoto, ndiye mtu ambaye tunaweza kumfanyia hivyo kwa kosa la sekunde moja pale Bellevue. Nalifikiria hilo kwa ajili yako, na kwa ajili yake pia. Haki yake ni kulipwa kikamilifu.

Huku California nimejifunza kuutazama ule mpaka wa sheria kwa macho mengine. Bima ya dhima, yaani ya madhara unayowafanyia wengine, hapa hutajwa kwa tarakimu tatu. Tangu Januari 2025 kiwango cha chini ni 30/60/15, yaani dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa wote walioumia katika ajali moja, na 15,000 kwa mali iliyoharibika. Kabla ya hapo kilikuwa 15/30/5, na kilikaa hivyo tangu mwaka 1967! Gharama za hospitali zilipanda miaka yote hiyo na sheria imesimama palepale. Hata sasa, gari jipya la kawaida hapa huwezi kulinunua kwa dola 15,000, na mtu akilazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku chache, zile 30,000 zinakwisha. Ndiyo maana mimi nimechukua 100/300/100. Malipo yaliongezeka, lakini hayakuongezeka mara tatu, kwa sababu sehemu ya kwanza ya fidia ndiyo inayotumika mara nyingi na ndiyo ghali. Wenye nyumba na akiba kubwa huongeza bima nyingine juu ya hiyo, inayoanzia dola milioni moja. Pia nimekatia bima dhidi ya dereva asiye na bima, kwani wapo wengi. Kampuni hapa lazima ikupe nafasi ya kuichukua, na usipoitaka unakataa kwa maandishi.

Idris atakwambia basi tukate komprehensivu, ile bima kubwa inayolinda na gari lenyewe, na yaishe. Ni nzuri, kwa sababu italitengeneza gari letu au kutulipa likiibwa, lakini mara nyingi kikomo cha majeraha ya watu wengine kinabaki kilekile cha milioni 3. Mwombe broka akuonyeshe ukurasa wa viwango kwenye hati ya bima kabla hujatoa hata senti, na umuulize kama kampuni inakubali kuongeza kiwango hicho kwa malipo ya ziada. Mimi nitalipa nyongeza hiyo, usiwe na wasiwasi.

Ukurasa huohuo utaonyesha kikomo cha mali ya wengine, ambacho Sura ya 405 haikilazimishi. Ukigusa Prado Ngong Road, taa na bampa peke yake utaona bei yake. Na abiria! Sheria hailazimishi bima ya ndugu na jirani unaowabeba bure kwenye gari la binafsi. Najua Idris ndiye atakayempeleka Mama kliniki na kuwarudisha watoto wa madrasa, kwa hivyo dhima ya abiria iandikwe humo, tena kwa idadi ya viti vyote.

Jambo moja nakuomba umuulize ana kwa ana: je, jioni atafanya teksi ya mtandaoni? Kama ndiyo, bima ya gari la binafsi haifai, na kampuni ikigundua ana abiria wa kulipa inaweza kukataa dai lote. Akate ya biashara tangu mwanzo.

Kuhusu kampuni, angalieni kama imo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Kampuni ikifilisika, Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima hulipa hadi shilingi 250,000 tu kwa mdai. Kwa hiyo ile inayouza rahisi kupita wote mimi siitaki, hata kama rafiki yake Idris ndiye ajenti.

Idris anitumie picha ya ukurasa wa viwango kwa WhatsApp kabla ya kulipa, niusome usiku nikitoka zamu. Pesa nitazituma kwa M-Pesa mara tu broka akitaja kiasi.

Msalimie Bibi huko Pumwani, na umwambie dawa zake za macho nimeshampa mtu anayesafiri.

Binti yako,
Zuhura