Mdogo wangu, fungu la kumi usiligawe kwa kubahatisha

Mdogo wangu mpendwa,

Maombi ya michango ni mengi, nawe unampa anayelia zaidi. Sheria ya Kiyahudi inakutaka upime.

Anza na hesabu. Ondoa kodi na gharama za kazi, kisha tenga asilimia 10 ya kinachobaki. Ukijaliwa, panda hadi 20. Usipite hapo, kwani marabi wa Usha, mji wa kale wa Galilaya, walizuia ili mtoaji asije akawa mwombaji. Fedha hizo ziwe na akaunti yake. Zikichanganyika na za nyumbani zitaliwa bila wewe kujua. Zawadi za sikukuu ya Purim kwa maskini usizitoe humo, hizo ni wajibu wa peke yake.

Shulchan Aruch, kitabu kikuu cha sheria zetu, inaanza na ndugu maskini, halafu watu wa mji wako, ndipo wa miji mingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanampa binamu kila senti. Rabi Yechiel Michel Epstein aliliona hilo katika kitabu chake cha sheria, Arukh HaShulchan. Tukifuata ngazi hiyo kwa ukali, alisema, maskini asiye na ndugu tajiri atakufa njaa. Kwa hiyo wa karibu apate zaidi, lakini asipate zote. Kwenye kila 10,000 ya fungu hilo, ningekushauri 5,000 kwa ndugu, 3,000 kwa mji, 2,000 kwa walio mbali. Majirani wasio Wayahudi wamo pia. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inaagiza maskini wao walishwe pamoja na wetu kwa ajili ya amani.

Uzito wa shida nao una nafasi yake. Mwenye njaa humtangulia asiye na nguo, na kumkomboa mateka hutangulia yote mawili. Mgeni akiomba chakula, mpe bila kumchunguza. Akiomba nguo, unaruhusiwa kuuliza kwanza.

Kwa mifuko ya michango, uliza sana. Zamani sadaka za sanduku la mji zilikusanywa na watu wawili na kugawanywa na watatu, na tulikatazwa kulichangia sanduku hilo bila kumwamini msimamizi wake. Kwa hiyo uliza nani anaidhinisha malipo, wako wangapi, na hesabu inakaguliwa na nani. Wakikukwepa, peleka kwingine, hata kama picha zao zinatoa machozi.

Na unapoahidi mchango kwa mdomo, sema "bli neder", Kiebrania cha "bila nadhiri". Bila hivyo ahadi inakufunga, na ukichelewesha malipo wakati maskini wapo, umevunja sheria.

Akupendaye,
Dada yako