Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya yetu

YAH: MIDAHALO NA ELIMU YA URAIA KATIKA SHULE ZA KATA

Ndugu Afisa Elimu,

Salamu. Nilifundisha Uraia hadi nilipostaafu, na sasa nina wajukuu katika shule zilizo chini yako. Najua mtaala haupangwi mezani kwako. Hiyo ni kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa hiyo silalamiki kwamba katika mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 nafasi ya Uraia inachukuliwa na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tena kwa jambo moja nafurahi: somo hili linafundishwa kwa Kiswahili. Uraia wa sekondari tuliufundisha kwa Kiingereza. Mtoto alikariri maana ya demokrasia kama ilivyo ubaoni, akapata alama zake, akarudi kijijini asijue kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba akifikisha miaka 18 ana haki ya kukaa humo na kuhoji mapato na matumizi.

Shida yangu ni mdahalo. Hivi karibuni nilialikwa kwenye mdahalo wa Ijumaa katika shule moja. Mada: maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini. Hiyo hiyo tuliijadili sisi! Watoto walisimama mmoja mmoja wakasoma karatasi kwa Kiingereza cha kukariri, makofi yakapigwa, pointi zikahesabiwa. Binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili ni nani aliyepitisha mchango mpya wa chakula. Mwalimu wa zamu akamwambia akae, hayo si ya mdahalo. Kwangu, hoja iliyosikika siku ile ilikuwa hiyo tu.

Najua wakuu wa shule wanahofia siasa, na baada ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 hofu imezidi. Lakini walioingia barabarani kuandamana siku ile wengi walikuwa vijana, na watu walikufa. Kijana ambaye hajawahi kumhoji mkubwa kwa hoja akajibiwa, tulitaka ajifunzie wapi? Kampeni za vyama shuleni zikatazwe, sina ubishi. Kusoma ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, na kuuliza inamhusu nani si kampeni.

Waraka mmoja kutoka ofisini kwako unatosha. Useme mdahalo waweza kuendeshwa kwa Kiswahili na mada zichaguliwe na wanafunzi, za hapa hapa: maji, michango, ile mikopo ya vijana itokanayo na asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inamfikia nani. Viranja wapigiwe kura ya siri, wasiteuliwe ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Kila muhula diwani au mtendaji wa kata aje akae mbele ya wanafunzi, aulizwe maswali ambayo hayajachujwa, ajibu. Na iandikwe wazi kwamba aliyeuliza haadhibiwi, maana isipoandikwa viboko vitafuata, wewe na mimi tunajua.

Wastaafu tuliofundisha somo hili tupo, na posho hatudai. Nipangie shule yoyote, hata iliyo mbali na lami, nikasimamie mdahalo wa kwanza muhula ujao.

Wako katika elimu,
Mwalimu mstaafu wa Uraia