Kisu butu kinaweza kuharamisha nyama

Mhariri,

Waislamu wengi huona uchinjaji umetimia mnyama akielekezwa kibla na bismillahi ikisomwa. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanadai zaidi ya hapo, na baadhi ya wanayoyadai yanagusa uhalali wa nyama yenyewe.

Katika Sahihi Muslim, Shaddad bin Aws amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema Mwenyezi Mungu amefaradhisha ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila jambo, basi anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Mafakihi wa madhehebu ya Kishafi wameruhusu nyama ya kisu butu kwa masharti mawili tu: kukata kusitegemee nguvu za mchinjaji, na koromeo (njia ya pumzi) na umio (njia ya chakula) vikatike vyote kabla mnyama hajafikia kutapatapa kwa kufa. Anayesugua shingo, akanyanyua kisu, akarudia tena, anahatarisha masharti yote mawili. Mnyama akifikia kutapatapa huko umio haujakatika, huo ni mzoga, hata kama bismillahi ilisomwa kwa sauti. Mishipa miwili ya pembeni mwa shingo ni sunna kuikata katika madhehebu hayo, lakini isiachwe kamwe, kwani ikikatwa damu humwagika kwa kasi na mnyama hupoteza fahamu mapema.

Kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama. Asiburutwe, wala asichinjwe mwenzake akitazama. Akishakatwa, asivunjwe shingo wala asianze kuchunwa mpaka atulie kabisa. Hapa ndipo wachinjaji wengi huharibu siku ya Idi, foleni inapokuwa ndefu.

Haki za mnyama hazianzi machinjioni. Izzuddin bin Abdis-Salam, fakihi wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, aliandika kwamba mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua asitarajiwe faida tena. Mwenye mnyama akikataa kumlisha, kwa Mashafi kadhi humlazimisha: amlishe, amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Kihanafi, aliona huyo ana dhambi ila halazimishwi mahakamani. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akasema alazimishwe, na hiyo ndiyo kauli yenye nguvu kwetu, maana mnyama hawezi kujishtakia. Hata kukamua kuna mpaka: ndama aachiwe maziwa ya kumtosha, na mkamuaji akate kucha zisimuumize mama.

Tunawaomba maimamu, katika khutba ya Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi ya kuchinja, waeleze masharti ya kisu kwa kina kama wanavyoeleza umri na kasoro za mnyama.

Wasomaji wenu