Vibaraza vya maduka ya Kisumu visipotee, wazee tunavihitaji

Mhariri,

Naandika nikiwa Migosi, Kisumu, nilikorejea baada ya kuishi karibu mwaka mzima George Town, mji mkuu wa jimbo la Penang nchini Malaysia, ambako binti yangu ameajiriwa. Tangu nirudi, marafiki zangu, wengi wao wakiwa walimu wastaafu kama mimi, wamekuwa wakiniuliza kuhusu safari ya ndege, majumba marefu na gharama ya maisha. Mimi ninalolikumbuka zaidi ni kwamba kule nilitembea kwa miguu kila asubuhi na kila jioni, licha ya magoti yangu kuuma, na hapa nyumbani nimeshindwa.

Joto la George Town ni kali. Mji huo uko kando ya bahari, takriban digrii 5 kaskazini mwa ikweta, na adhuhuri joto hupita nyuzi 30 karibu kila siku ya mwaka, kisha mvua hushuka alasiri bila kubisha hodi. Sisi wa Kisumu tunaojihesabu kuwa wenyeji wa jua husahau kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wiki za kwanza nilijifungia ndani. Aliyenitoa ni jirani yetu, mama wa Kimalay aliyestaafu kazi ya uuguzi, ambaye siku moja alisimama mlangoni akaniuliza, "Apa khabar?" Nilimwelewa papo hapo, kwa maana hiyo khabar ni habari yetu wenyewe. Baadaye nilijua kwamba meza kwao ni meja, sabuni ni sabun, na bendera ni bendera vilevile.

Kuanzia siku hiyo tulitoka pamoja kabla ya jua kuchomoza, ambako kule ni baada ya saa moja asubuhi, tukaenda katika Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1884, isiyotoza kiingilio. Wazee wenye asili ya Kichina walinyoosha viungo taratibu kwa pamoja, wengine wakizunguka kwa mwendo wa haraka, na tumbili wakivizia mifuko yetu. Kisha tulikwenda mkahawani kunywa chai ya maziwa na kula wali wa tui la nazi, unaoandaliwa pamoja na samaki wadogo wakavu wa kukaanga waitwao ikan bilis. Nilipowaonja mara ya kwanza machozi yalinilengalenga, kwani niliikumbuka omena ya nyumbani.

Kilichoniwezesha kufika mkahawani, sokoni na kituoni ni kile Wamalay wanachokiita kaki lima, yaani futi tano, kutokana na upana wake. Hicho ni kibaraza kilicho mbele ya kila duka la zamani, ghorofa ya juu ikiwa ndiyo paa lake, kinachoungana na cha duka linalofuata hadi mwisho wa barabara. Agizo la kujenga maduka kwa namna hiyo lilitolewa Singapore katika mpango wa mji wa mwaka 1822 wa Raffles, Mwingereza aliyeanzisha koloni hilo, likaenea katika miji mingine ya eneo hilo iliyokuwa chini ya Waingereza. Si kila mahali ni shwari, kwa kuwa baadhi ya wenye maduka huegesha pikipiki humo au kupanga bidhaa, na mara kadhaa nililazimika kushuka barabarani. Hata hivyo, mtu wa umri wangu aliweza kwenda mwendo mrefu wakati wa jua kali au wa mvua, na akichoka akapata pa kuegemea.

Naeleza haya kwa sababu Kisumu nayo ina vibaraza. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walioifuata walijenga maduka yenye nguzo mbele na paa la kumkinga mpita njia. Mafundi wa cherehani wameketi katika vibaraza hivyo tangu nilipokuwa msichana. Lakini maduka hayo yanapobomolewa, jengo jipya huinuka wima kutoka ukingoni mwa njia, na mpita njia huachwa juani. Njia za miguu zilizojengwa mjini miaka ya karibuni ni nzuri, nami nawashukuru waliozijenga, ila sehemu kubwa hazina kivuli, na bodaboda hupita humo kana kwamba ni zao.

Kuna watakaosema kwamba mahali pa mstaafu ni mashambani. Boma letu liko Seme na ninalipenda, lakini daktari wangu na kanisa langu viko mjini.

Naiomba serikali ya kaunti, kila inapoidhinisha ramani ya jengo jipya katikati ya mji, idai kibaraza chenye paa kinachoungana na cha jirani. Pasipo na maduka, hasa njia za kuelekea ufuoni, ipande miti na kuweka mabenchi. Ijenge pia vyoo safi vya umma, kwa maana mzee asiyejua atajisaidia wapi haendi mbali na kwake.

Wiki jana nilimtembelea mwenzangu niliyefundisha naye kwa miaka mingi. Siku hizi mjukuu wake ndiye anayetumwa sokoni. Aliniambia kwamba hajaliona ziwa tangu mwaka jana, ilhali nyumba yake iko mwendo wa nusu saa kutoka ufuoni.

Mwalimu mstaafu,
Migosi, Kisumu